Usingoje Mashine, Ziba Jicho la Mtoto Umpime

Wako wataalamu wa macho wanaopima oksijeni iliyomo katika damu ya jicho la mtoto. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa ambayo mwili huihitaji ili uishi. Tunaivuta kwa pua. Inaingia mapafuni. Kisha damu inaibeba na kuipeleka kila mahali. Inafika miguuni, inafika kichwani, inafika hata ndani kabisa ya jicho.

Habari ya kipimo hiki imefika vijijini, lakini imefika ikiwa imepinda. Nimewasikia watu wakisema kwamba huko hospitali kubwa watoto wenye jicho vivu hutolewa damu ya jicho. Wengine wametia chumvi. Wanasema damu hiyo huuzwa. Maneno ya mumiani ni ya zamani katika nchi yetu, na kila kinapokuja kifaa kipya, mumiani naye hufufuka. Basi baba mmoja akisikia hayo anamficha mtoto wake nyumbani. Mtoto hakuogopa kitu. Aliyeogopa ni baba, lakini atakayepoteza jicho ni mtoto.

Ndugu msomaji, mimi nina maoni mawili juu ya jambo hili. La kwanza, kipimo hiki hakitoi damu wala hakimpofushi mtoto. La pili, pamoja na uzuri wake wote, si kipimo cha kungojewa. Mtoto mwenye jicho vivu anaweza kugunduliwa na mama yake, leo, hapo barazani, kwa kiganja cha mkono.

DAMU HAITOLEWI

Wengi wetu tumekiona kile kifaa kidogo kinachobana kidole. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020 na 2021, watu wengi walikifahamu. Unabanwa kidole, taa nyekundu inawaka, namba inaonekana. Mtu mwenye afya huonyesha kati ya 95 na 100. Maana yake, karibu damu yote inayotoka mapafuni mwake imebeba oksijeni. Hakuna sindano wala wembe. Njia hiyo ilibuniwa na Mjapani mmoja, Takuo Aoyagi, mwaka 1974.

Je, taa inajuaje? Kila aliyewahi kuchinja mbuzi anaweza kujibu. Damu ya kwanza inayoruka shingoni ni nyekundu ya kung'aa. Hiyo imejaa oksijeni. Damu iliyokwisha kuigawa oksijeni yake mwilini huwa nyekundu iliyokoza, tena inakaribia weusi. Kifaa kinapitisha mwanga ndani ya kidole na kuisoma rangi ya damu. Kinasoma tu, kama wewe unavyosoma gazeti hili. Ukilisoma gazeti, herufi hazipungui.

Jicho nalo husomwa hivyo hivyo. Nyuma ya jicho, kwa ndani, liko pazia jembamba liitwalo retina. Picha ya kila tunachokitazama huangukia juu ya retina. Pazia hili ni dogo lakini lina njaa kubwa. Ukilinganisha kwa uzito, retina ni mojawapo ya sehemu za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kuliko nyingine. Juu yake imetandaa mishipa midogo ya damu, kama mizizi ya mti iliyofukuliwa na mvua. Daktari akimulika katika mboni ya jicho anaiona mishipa hiyo waziwazi, bila kupasua kitu.

Mtoto anayepimwa hutiwa matone ya dawa ili mboni ipanuke. Kisha anaketi mbele ya kamera na kuweka kidevu chake juu ya kitako kidogo. Anaambiwa atazame taa na atulie. Kamera inapiga picha mbili kwa mara moja, kwa mwanga wa rangi mbili. Mwanga wa rangi ya kwanza hunywewa sawasawa na damu yote, yenye oksijeni na isiyo nayo. Mwanga wa rangi ya pili hunywewa zaidi na damu iliyopungukiwa oksijeni, kwa hiyo mshipa wenye damu hiyo huonekana mweusi zaidi katika picha ya pili. Kompyuta inalinganisha picha hizo mbili, halafu inatoa hesabu. Basi. Kazi imekwisha. Mtoto ataona ukungu kwa saa kadhaa akitazama vitu vya karibu, na jua litamchoma macho, kwa sababu ya yale matone. Avae kofia. Ikiwa daktari hakusema kuna jambo jingine, hilo litapita lenyewe.

Watu wa nchi ya Iceland, nchi ya baridi kali huko kaskazini mwa Ulaya, wameifanya kazi hii kwa miaka mingi katika chuo kikuu chao. Mwaka 2012 walitoa hesabu za watu wazima wenye macho mazima. Katika mishipa inayoingiza damu kwenye retina, oksijeni ilikuwa kama 92 kwa 100. Katika mishipa inayoitoa damu, ilikuwa kama 55 kwa 100.

Hesabu hizo zina maana gani? Fikiri juu ya mfereji wa kumwagilia shamba. Maji yanaingia shambani yakiwa mengi. Yanatoka upande wa pili yakiwa machache. Yaliyopungua yamenywewa na mimea. Ukikuta maji yanatoka karibu sawa na yalivyoingia, utajiuliza: je, mimea imeacha kunywa? Au maji yamepita kasi mno hata mimea haikupata nafasi? Daktari wa macho anajiuliza vivyo hivyo. Ndiyo maana kipimo hiki kinasaidia kuchunguza macho ya watu wenye kisukari, na macho ambayo mshipa wake wa kutoa damu umeziba. Katika magonjwa hayo shamba lenyewe, yaani retina, limeharibika.

Sasa, jicho vivu? Hapo ndipo watafiti wanapoona jambo la kuchunguza. Ukilitazama jicho vivu, mara nyingi hukuti ugonjwa. Retina inaonekana safi. Mishipa inaonekana mizima. Hata hivyo mtoto haoni vizuri kwa jicho hilo. Wataalamu wanauliza: jicho ambalo halitumiki sawasawa, je, linakula oksijeni sawa na mwenzake? Ni swali zuri. Mimi sina ugomvi nalo. Lakini kulipima jicho hilo ni kazi, maana mtoto mwenye jicho vivu hushindwa kulituliza kwenye taa. Jicho linatangatanga, na picha ikiharibika hesabu nazo zinaharibika.

Tena kipimo hiki hakisemi kama mtoto anaona au haoni. Kinasema rangi ya damu. Habari ya kuona na kutoona tutaipata kwa mtoto mwenyewe, na kwa njia iliyo nyepesi zaidi.

JICHO SI VIVU

Jina hili la "jicho vivu" silipendi, ingawa ndilo tulilo nalo. Linawafanya watu wamgombeze mtoto. "Angalia vizuri, wewe mvivu!" Mtoto si mvivu, na jicho lake si vivu. Shida iko mahali pengine.

Macho hayaoni yenyewe. Macho hupokea mwanga na kuupeleka habari zake kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Ubongo ndio unaoona. Na ubongo wa mtoto mchanga haujui kuona. Unajifunza, kama sisi tulivyojifunza kusoma. Kila siku jicho linauletea picha, nao unazoea kuzisoma. Kazi hii huanza siku mtoto anapozaliwa, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla hajatimiza miaka 7 au 8.

Ikiwa jicho moja linaleta picha safi na la pili linaleta picha ya ukungu, ubongo unaichagua ile safi. Ile ya ukungu unaiacha. Unaiacha leo, unaiacha kesho, mwisho unasahau kabisa kuisoma. Jicho lipo, linafunguka, linafumba, lakini ubongo umeacha kulisikiliza.

Mambo yanayoleta hali hiyo ni hasa matatu. Moja ni kengeza: jicho moja linatazama mbele, jingine linatazama pembeni, na ubongo ukipewa picha mbili zisizolingana unalifunga shauri la moja. La pili ni macho yasiyolingana nguvu. Jicho moja linahitaji miwani sana na la pili halihitaji, au linahitaji kidogo. Hili ndilo la hatari kwa kufichika, kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Anakimbia, anacheza mpira, anatumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Anafanya yote hayo kwa jicho moja. La tatu ni kitu kinachoziba njia ya mwanga, kama vile mtoto wa jicho au kope iliyolegea ikafunika mboni. Hili la tatu si la kusubiri hata mwezi.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel, walilithibitisha jambo hili kwa paka. Walishona kope ya jicho moja la paka mchanga, wakaiacha imefungwa kwa miezi michache ya mwanzo wa maisha yake. Walipoifungua, jicho lilikuwa zima. Lakini paka hakuona kwa jicho lile. Ubongo wake haukuitika. Walipofanya hivyo kwa paka mkubwa, hakupata madhara hayo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Waweza kuwahurumia wale paka, nami nawahurumia. Lakini walitufundisha kwamba kuona kuna msimu wake, kama kupanda kulivyo na msimu wake.

Katika kila watoto 100, mmoja hadi watatu wana tatizo hili. Ihesabu shule ya kijiji chako. Ikiwa ina watoto 400, basi yawezekana wanne, au hata kumi na wawili, wamo humo. Mwalimu anawajua wangapi?

Najua mtu anaweza kusema, "Jicho moja linatosha. Mbona babu fulani ana jicho moja na analima?" Nitawaeleza nilichokiona. Mwanamume mmoja aliletwa kwetu zahanati amechomwa jicho na mwiba wa mkonge. Jicho lile halikupona. Alitegemea kwamba atabaki na la pili. Ndipo alipogundua, akiwa na miaka zaidi ya 30 na watoto wanne, kwamba lile la pili halikuwahi kuona vizuri tangu utoto wake. Alikuwa hana habari. Hakuna mtu aliyewahi kuliziba lile zima ili kumwuliza la pili linaona nini. Sasa mtoto wake wa kwanza anamshika mkono kwenda mnadani. Vijijini kwetu tunaishi na miiba, majembe, fimbo za ng'ombe na vipande vya kuni vinavyoruka. Mtu wa namna yetu anahitaji jicho la akiba linalofanya kazi.

KIGANJA CHA MKONO

Kipimo chenyewe ni hiki. Ngoja mtoto awe ameshiba na hana usingizi. Mketishe mahali penye mwanga. Mama au dada amzibe jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza. Atumie kiganja, asitumie vidole, maana mtoto atachungulia kati ya vidole na kukudanganya huku anacheka.

Mtoto wa miaka mitatu au minne mpe kazi ya kuokota. Mwaga punje za mahindi na za mtama juu ya ungo. Mwambie aokote mtama peke yake. Kisha ziba jicho la pili, urudie. Mtoto mkubwa zaidi msimamishe hatua kadhaa mbali, mwonyeshe vidole viwili, vitatu, kimoja, aseme ni vingapi. Rudi nyuma hatua moja moja. Macho mawili mazima hufika mahali pamoja. Kama jicho moja linafika mbali na la pili linashindwa karibu, umepata jibu.

Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini atakuonyesha. Ukimziba jicho bovu, hajali. Ukimziba jicho zuri, analia, anavuta mkono wako, anageuza kichwa. Hiyo si tabia mbaya. Umemzimia taa.

Tazama pia mambo mengine. Macho ya mtoto mchanga yanaweza kutangatanga kidogo katika miezi ya mwanzo. Akishatimiza miezi minne na bado jicho linakwenda pembeni, mpeleke akatazamwe. Usimsikilize anayesema, "Ataacha akikua," hata kama anayesema ni mama mkwe, na umjibu kwa heshima. Ukiona katikati ya mboni kuna weupe, au jicho linang'aa kama la paka usiku, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho. Unaweza pia kuwa saratani ya jicho, nayo huua watoto wadogo.

Na tafadhali, maziwa ya mama, maji ya majani, asali na unga wa mizizi visitiwe machoni. Jicho vivu haliponi kwa dawa hizo, na jicho zima huweza kuunguzwa nazo. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya wasomaji wangu ni waganga wa jadi. Nawaomba wawe wa kwanza kuwaambia wazazi waende hospitali. Mtu anamwamini mganga wa jirani kuliko sisi vijana wenye vyeti, kwa hiyo neno lao lina uzito.

Kuchelewa ndilo tatizo letu kubwa. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwachunguza watoto waliopelekwa kupasuliwa mtoto wa jicho. Taarifa yao ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba tangu mzazi alipoona kasoro hadi alipomfikisha mtoto hospitali hiyo, ilipita zaidi ya miaka miwili kwa wastani. Wazazi hao hawakuwa vipofu. Waliona. Kilichokula miaka ile ni mambo mengine: nauli, mavuno, shauri la ukoo, na kutojua kwamba msimu unapita. Upasuaji unaweza kuuondoa mtoto wa jicho siku moja, lakini hauwezi kuurudishia ubongo ile miaka miwili.

VITA VYA KITAMBAA

Matibabu ya jicho vivu si ya ajabu. Kwanza, kama kuna kitu kinachoziba mwanga, kinaondolewa. Pili, mtoto anapimwa na kupewa miwani ikiwa anaihitaji. Wapo watoto wanaopona kwa miwani peke yake. Tatu, jicho zuri linazibwa kwa plasta au kitambaa, ili ubongo ulazimike kulisikiliza lile lililosahauliwa. Njia hii ni ya zamani. Mfaransa Buffon aliiandika mwaka 1743, kabla ya umeme na kabla ya kamera.

Muda wa kuziba husemwa na mtaalamu wa macho. Utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto ambao jicho lao halijafifia sana, kuziba saa mbili kwa siku kulisaidia sawa na kuziba saa sita. Kwa wale waliofifia sana, saa sita zilisaidia sawa na kuziba kutwa nzima. Hii ni habari njema kwa mzazi. Saa mbili ni muda wa kuchambua maharage na kupika. Mtoto akae karibu nawe, achambue pia, achore, afume ukili, asome herufi. Kazi ya karibu inalifundisha jicho. Yapo pia matone ya atropini, ambayo hutiwa kwenye jicho zuri ili lione ukungu. Hayo ni ya kuandikiwa hospitali tu, na yafungiwe mbali na watoto, maana ni sumu yakinywewa.

Usijizibie mwenyewe mtoto wako miezi na miezi bila kurudi kupimwa. Jicho zuri likizibwa kupita kiasi, nalo linaweza kusahauliwa. Hapo utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Basi kama dawa ni plasta na miwani, kwa nini watoto hawaponi? Kwa sababu vita hivi havipiganwi hospitali. Vinapiganwa nyumbani, kila siku, kwa miezi mingi. Mtoto anaibandua. Ana haki, kwa sababu umemziba jicho analoliona nalo. Anagonga kigoda, anamwaga uji, analia. Bibi anamhurumia na kuitoa. Mjomba anapita na kusema kwamba mtoto anageuzwa kinyago. Wenzake wanamwita "Chongo". Nimeona mama mmoja akishinda vita hivi kwa akili ndogo tu: alimbandikia plasta mwanawe, kisha akajibandika na yeye, wakakaa pamoja saa mbili jikoni. Jirani walicheka wiki moja wakachoka. Mtoto yule sasa anasoma daftari lake kwa jicho ambalo zamani halikuona hata mstari.

Na miwani nayo ina maneno yake. Miwani kwa mtoto wa mkulima huonwa kama maringo. Msichana ndiye anayeonewa zaidi, anaambiwa hataolewa. Mimi nasema waziwazi: anayemvua msichana miwani ili apendeze anamnyang'anya jicho.

Kengeza nalo wako wanaolisifu kuwa ni urembo. Sitabishana na mapenzi ya watu. Lakini kengeza la mtoto mdogo lipimwe kwanza, urembo utajadiliwa baadaye. Tena upasuaji wa kunyoosha jicho hauleti kuona wenyewe. Jicho laweza kunyooshwa likapendeza na bado likawa halioni, kama halikufundishwa.

Mzazi ambaye mtoto wake amepita miaka 7 asikate tamaa akalitupa gazeti hili. Watafiti wa Marekani mwaka 2005 walitoa matokeo ya watoto wa miaka 7 hadi 12. Waliotibiwa kwa miwani, kuzibwa jicho na matone, 53 katika kila 100 walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa miwani peke yake, 25 katika kila 100. Kwa hiyo wa miaka kumi naye apelekwe. Lakini wa miaka minne apelekwe upesi zaidi.

SHAURI LANGU KWA KIJIJI

Sisemi kwamba mashine za kupima oksijeni zisitengenezwe. Zitengenezwe, na siku moja huenda zikatuambia mambo ambayo macho yetu hayawezi kuyaona. Ikiwa mtoto wako yuko hospitali kubwa na daktari anataka kumpima kwa mashine ya namna hiyo, uliza anatafuta nini, uliza kama ni matibabu au ni utafiti, kisha ukubali au ukatae ukiwa umeelewa. Hiyo ni haki yako. Usikatae kwa sababu ya mumiani.

Ninachopinga ni ile desturi ya kungoja. Tunangoja mashine, tunangoja daktari bingwa aje na gari, tunangoja mtoto aseme mwenyewe. Mtoto hasemi. Hajui kwamba wengine wanaona kwa macho mawili.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakungoja mtu wa mjini aje kuwashikia jembe. Kuziba jicho kwa kiganja ni kazi nyepesi kuliko kuchimba choo.

Nashauri hivi. Serikali ya kijiji ipange kwamba kila mtoto anayeandikishwa elimu ya awali au darasa la kwanza apimwe macho, jicho moja moja, siku ile ile ya kuandikishwa. Mwalimu achore herufi E kubwa na ndogo kwenye karatasi nyeupe, zikiwa zimeelekea juu, chini, kushoto na kulia. Mtoto asimame mbali na aonyeshe kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi. Si lazima ajue kusoma. Mwalimu aigeuze karatasi mara kwa mara, kwa sababu watoto wa foleni ya nyuma huwa wameshakariri majibu. Mhudumu wa afya wa kijiji aandike majina ya walioshindwa kwa jicho lolote na kuyaleta zahanati, nasi tuwaandikie barua ya kwenda hospitali yenye mtaalamu wa macho.

Kuhusu nauli, mkutano wa kijiji uzungumze. Tunachanga kwa ajili ya harusi na misiba. Watoto watatu wakisafiri pamoja na mzazi mmoja, gharama inapungua. Waende na kadi zao za kliniki, na miwani ya zamani kama ipo, hata ikiwa imevunjika. Wachukue na chakula cha njiani, kwa sababu kupimwa macho huchukua kutwa. Na mzazi aulize kabla ya kuondoka: nizibe jicho lipi, saa ngapi kwa siku, na nirudi tarehe gani. Aandike majibu hayo matatu nyuma ya kadi, kwa mkono wake mwenyewe.